Kutatua Matatizo ya Programu ya Mapito ya Biti Unapochonga Bodi za Saketi Nyumbani

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia fundi mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, anayetengeneza vidhibiti vya joto vya mashine za kutotolesha vifaranga. Anatumia mashine ndogo ya CNC (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta) ya aina ya 3018 inayoendeshwa na GRBL, programu iliyo ndani ya kidhibiti cha mashine, na kila bodi ilipotoka na njia za shaba zilizoungana alikaza skrubu za mashine na kununua biti nyingine, yaani kifaa cha kukatia. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni namba moja ndani ya programu. Bodi nyingi huharibikia kwenye kompyuta kabla mota haijazunguka, na huko ndiko ukaguzi unakopaswa kuanzia.

Ninachukulia kwamba bodi unaichora kwa KiCad, mapito ya biti, yaani njia ambazo biti itafuata, unayatengeneza kwa FlatCAM, na kazi unaituma kwenye mashine kwa Candle au bCNC. Programu hizi ni za bure na zikishasakinishwa hazihitaji intaneti, jambo lenye uzito kwa fundi anayenunua bando kwa siku. Huduma za mtandaoni zinazodai kufanya kila kitu kwa kubofya mara moja sizipendekezi, kwa sababu zinaficha zile namba ambazo fundi anapaswa kuziona.

Hatua ya 1: Tambua kosa liko upande gani

Fungua faili la msimbo wa G, yaani amri za mwendo wa mashine, ndani ya Candle au CAMotics (programu ya kuigiza uchongaji) na ulitazame kwa ukaribu mkubwa. Ikiwa pito linakosekana kwenye skrini, kosa ni la programu. Ikiwa pito lipo kwenye skrini lakini shaba haikukatwa mahali hapo, nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Hatua ya 2: Kagua mafaili kutoka KiCad

Jaza upya maeneo ya shaba, endesha ukaguzi wa kanuni za usanifu, kisha toa mafaili matatu: Gerber (faili la mchoro) ya shaba ya chini, Gerber ya Edge.Cuts, yaani mpaka wa bodi, na Excellon, yaani faili la matundu. Tumia milimita kila mahali, na kwa matundu chagua muundo wa desimali.

Kwenye ubao wa kuchorea wa KiCad, mhimili wa Y huongezeka kuelekea chini, kwa hiyo usipoweka chanzo chako mwenyewe, yaani nukta ya sufuri ya vipimo, bodi itaingia FlatCAM ikiwa na thamani hasi za Y na mbali na sufuri. Weka chanzo cha matundu kwenye kona ya chini kushoto ya bodi, kisha uamuru kitumike katika dirisha la Gerber na pia katika dirisha la matundu. Wengi hukichagua katika dirisha moja tu, halafu wanashangaa kuona matundu yakielea nje ya bodi.

Mkao wa matundu wenyewe hueleza kilichokosewa. Yakiwa na mpangilio sahihi lakini yamehama yote kwa pamoja, chanzo kimetofautiana. Yakiwa yametawanyika au kusongamana kwa uwiano wa 25.4, faili moja liko kwenye inchi na jingine kwenye milimita. Uwiano ukiwa 10, 100 au 1000, programu imesoma vibaya sufuri zilizoachwa mwanzoni au mwishoni mwa namba, na ndiyo sababu nasisitiza muundo wa desimali, ambao hauachi nafasi ya kukisia.

Hatua ya 3: Geuza upande wa chini

Gerber ya shaba ya chini huonyesha bodi kana kwamba unaitazama kutoka juu kupitia ndani yake, hivyo lazima uigeuze kama kwenye kioo kabla ya kuchonga. Geuza shaba, matundu na mpaka kwa mhimili uleule na kwa kutumia kisanduku kilekile kinachozunguka mpaka wa Edge.Cuts. Kisha tafuta IC (chipu yenye pini nyingi) moja kwenye skrini na uhesabu pini zake. Ukitazama upande wa shaba, zinapaswa kuhesabika kufuata mwelekeo wa saa kuanzia pini ya 1.

Hatua ya 4: Weka kipenyo halisi cha biti

Hii ndiyo hatua inayopoteza saa nyingi, hasa kwa kuwa programu haitoi onyo lolote unapoikosea.

Ili kutengeneza mapito ya kutenganisha, FlatCAM huchukua umbo la shaba na kulipanua pande zote kwa nusu ya kipenyo cha biti, kisha hufuata ukingo wa umbo hilo lililopanuka. Njia mbili zilizo karibu zikipanuliwa hadi zikagusana, huwa umbo moja, na ukingo uliokuwa kati yake hutoweka. Pito halichorwi hapo, na njia hizo mbili hubaki zimeungana kwa shaba. Kwa mtu asiyejua, inaonekana kama programu imeruka sehemu kwa hiari yake, kumbe imefanya hesabu sahihi kwa namba iliyopewa.

Sasa, biti yenye umbo la V haina kipenyo kimoja. Upana wa mkato wake ni ncha, kuongeza mara mbili ya kina ikizidishwa kwa tanjenti ya nusu ya pembe. Chukua biti ya nyuzi 30 yenye ncha ya 0.1 mm. Kwa kina cha 0.1 mm hukata upana wa takriban 0.154 mm. Kwa kina cha 0.2 mm hukata takriban 0.207 mm. Ikiwa bodi yako imechorwa kwa nafasi ya 0.2 mm kati ya njia, ambayo ndiyo KiCad huiweka yenyewe usipoibadilisha, basi tofauti hiyo ya kina peke yake inatosha kufuta pito. Biti ya nyuzi 60 yenye ncha ileile, kwa kina cha 0.2 mm, hufikia takriban 0.331 mm, na kwa bodi kama hiyo haifai kabisa.

Wapo wanaokwepa tatizo kwa kuandika upana wa ncha, yaani 0.1, ili mapito yote yaonekane kwenye skrini. Usifanye hivyo. Mapito yataonekana, lakini biti bado itakata 0.207 mm, na kila upande wa njia ya shaba utaliwa zaidi ya 0.05 mm. Njia iliyochorwa kwa 0.25 mm itabaki na takriban 0.14 mm, na pedi ndogo (vipande vya shaba vya kuchomelea pini) zitabanduka mara tu zitakapoguswa na chuma cha moto cha kuchomelea. Bodi itaonekana safi, kisha itakufa mikononi mwa mteja, na kwa fundi anayeishi kwa jina lake hiyo ni hasara kubwa kuliko kipande cha bodi.

Hata hesabu hiyo ya tanjenti ni makadirio tu, kwa sababu ncha huchakaa na biti hutikisika kidogo inapozunguka, hivyo mkato halisi mara nyingi huwa mpana zaidi. Mimi hupima. Chukua kipande cha bodi kisichotumika, uchonge jozi za mistari kwa kina utakachotumia, huku katikati ya mstari mmoja na mwenzake pakiwa na umbali wa 0.15, 0.20, 0.25, 0.30 na 0.35 mm. Tazama kwa lenzi. Jozi ambayo ukanda wa shaba katikati yake umetoweka kwa shida ndiyo inayokupa kipenyo halisi. Kiandike kwenye programu, na uandike pia kwenye kisanduku cha biti ile kwa kalamu. Rudia kipimo kila unapobadilisha biti au kina.

Ukishapata namba ya kweli na pito likaendelea kukosekana, usiidanganye programu. Rudi KiCad upanue nafasi. Kwa mashine za kiwango cha 3018 napendelea nafasi ya 0.4 mm na njia za 0.6 mm, na kwa saketi ya kidhibiti cha joto vipimo hivyo vinaenea bila taabu.

Jambo la mwisho hapa ni idadi ya mizunguko ambayo biti huizunguka njia ya shaba. Mzunguko mmoja huacha mfereji mwembamba ambao risasi ya kuchomelea huuvuka kirahisi, kwa hiyo weka miwili au mitatu. Angalia kama kisanduku cha mwingiliano, yaani kiasi ambacho mzunguko mmoja hufunika mwingine, kinataka asilimia au desimali, kwa kuwa matoleo ya FlatCAM yanatofautiana: kuandika 15 panapotakiwa 0.15, au kinyume chake, huleta mapito yasiyo na maana.

Hatua ya 5: Msimbo unaokubalika na GRBL

Chagua kiolezo cha GRBL unapotoa msimbo. Ujumbe wa error:20 maana yake mashine imepewa amri isiyoifahamu, na mara nyingi ni M6 ya kubadilisha biti; toa faili moja kwa kila ukubwa wa kekee na tatizo litaisha. Ujumbe wa ALARM:2 maana yake kazi inatoka nje ya meza, hivyo rudi kwenye chanzo cha hatua ya 2. Hakikisha pia mistari ya mwanzo ina G21, inayoamuru milimita, wala si G20.

Hatua ya 6: Pima uso wa bodi

Shaba ya bodi za kawaida ina unene wa takriban 0.035 mm. Bodi ikiwa imepinda kwa 0.2 mm, kina cha 0.1 mm hakiwezi kuifikia kila mahali. Tengeneza ramani ya kimo kwa Candle au bCNC kwa kugusisha biti kwenye shaba, ukipima nukta kila milimita 10 hivi. Kuongeza kina badala ya kupima kunakurudisha kwenye matatizo yote ya hatua ya 4.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine isiyo na swichi za mwanzo, zinazoiwezesha kujua ilipo, husahau sufuri yake. Kwa sababu hiyo mimi huweka sufuri ya X na Y kwenye tundu dogo nililotoboa nje ya mpaka wa bodi, ili niweze kuirudia.

Hatua ya 7: Matundu, vipimo, kisha ukataji

Chonga njia, toboa matundu, na mwisho kabisa ukate mpaka wa bodi. Kwa bodi ya 1.6 mm shuka hadi 1.7 mm kwa tabaka za 0.4 mm, ukiacha vishikizo vinne, yaani sehemu ndogo zisizokatwa. Vumbi la FR-4, nyenzo ya bodi za kawaida, lina nyuzi za kioo, kwa hiyo vaa barakoa na ulivute kwa mashine ya kufyonza badala ya kulipuliza. Kabla ya kukata, pima kwa multimita kila jozi ya njia zilizo jirani bodi ikiwa bado imeshikwa mezani, kwa sababu ukigundua muungano unaweza kurudia faili lilelile kwa kina kilichoongezwa 0.02 mm, jambo lisilowezekana bodi ikishang'olewa.