Ficha nomino, watoto waitafute

Walimu wenzangu wa darasa la tatu na la nne, viwakilishi msianzie ubaoni. Anzeni na kapu. Mimi hapa Tanga naweka chungwa la Muheza, kijiko, ufunguo, mkeka mdogo na samaki wa karatasi, kisha nafunika kwa kanga. Mtoto mmoja anachungulia na kusema sentensi bila kutaja jina la kitu: "Hiki kimepinda." Darasa zima: kijiko! "Huyu ana magamba." Samaki!

Muwe makini hapa, maana hata sisi walimu huwa tunateleza: katika "chungwa hili limeiva", neno "hili" ni kivumishi, kwa kuwa nomino ipo. Chungwa likiondoka, ikabaki "hili limeiva", hapo ndipo tunapata kiwakilishi.

Wakishazoea, ongezeni kikombe. Sasa "hiki" ni kipi, kijiko au kikombe? Waacheni wabishane, msiwasaidie haraka. Wenyewe watagundua kwamba msikilizaji asipojua nomino inayowakilishwa, sentensi haimfikii. Wangu siku hiyo walianza kuongeza maelezo bila kuambiwa: "Hiki chenye mshikio!" Nilifurahi sana.

Mtego mkubwa ni kipepeo, kifaranga na kiboko. Watoto wanaona ki- mwanzoni, wanasema "hiki kinaruka". Wachoreeni hao watatu kwenye kadi, wachanganyeni na kijiko na kikombe, na kila kadi ikitoka waulizeni kwanza: ni mnyama, ndege au mdudu? Kama ndiyo, ni "huyu".