Pampu ya joto ya ardhini kwa karakana yako Minnesota: chimba upendavyo, gesi usiiguse

Pampu ya joto ya ardhini huzungusha maji kwenye bomba lililofukiwa, kisha gesi ya friji ndani ya mtambo huchukua joto la maji hayo na kulipeleka kwenye hewa ya karakana. Mtaro ni wako, bomba ni lako, pampu ya maji ni yako. Mzunguko wa gesi si wako mpaka uwe na cheti. Mengine mengi humu yana marekebisho ukikosea. Hilo halina, kwa hiyo nalianza nalo na nitalirudia.

Wengi wetu tunaotaka kupasha joto karakana kwa kutumia ardhi tunaanzia pabaya. Mtu ananunua kiyoyozi cha dirishani kilichotumika, anakikata, analehemu koili ya shaba ya kubadilishana joto na maji, anajaza gesi, basi. Nyumbani hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Fundi wa friji wa Gikomba au Kariakoo anakata bomba, gesi inatoka fuuu, analehemu, anajaza, analipwa, anaondoka. Hapa Marekani hiyo fuuu ndiyo kosa lenyewe. Sheria ya Hewa Safi, kifungu cha 608, inakataza kuachia gesi ya friji hewani kwa makusudi, na inakataza mtu asiye na cheti cha EPA, idara ya mazingira ya serikali kuu, kufungua mzunguko wa gesi. Mwenye nyumba hana msamaha eti kwa sababu mtambo ni wake. Faini inahesabiwa kwa siku na inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola.

Utasema, nani ataniona? Dukani watakuona: gesi hawakuuzii bila cheti. Mkaguzi wa jiji atakuona, akija kutazama umeme akute mtambo uliokatwa na kulehemiwa upya. Na kampuni ya bima itakuona siku karakana imeungua, wakati inatafuta kila sababu ya kutolipa. Nchi hii haina haja ya askari mlangoni kwako, ina karatasi. Usipofuatwa leo utafuatwa siku ya kuuza nyumba.

Cheti chenyewe si kigumu. Mtambo wa kujitengenezea unaangukia Aina ya 2, yaani mitambo ya gesi yenye shinikizo kubwa. Mtihani una sehemu ya msingi ya maswali 25 na sehemu ya Aina ya 2 ya maswali 25, unapita ukipata 18 kila sehemu. Si lazima uingie darasani, na ukishakipata hakiishi muda. Ila baada ya cheti utahitaji mashine ya kukusanya gesi, mtungi wake, pampu ya kuvuta hewa, kipimo cha mikroni cha kuonyesha hewa imetoka yote, mtungi wa nitrojeni na mizani. Jumlisha bei kabla hujaanza. Kwa pampu moja ya karakana, vifaa hivyo vinaweza kukugharimu kuliko mtambo mzima uliotumika.

Halafu kuna propani. Video za mtandaoni zinaonyesha watu wakijaza gesi ya mtungi wa kuchomea nyama kwenye kiyoyozi cha kawaida, na kweli kinapoza. Usifanye. EPA haijaidhinisha propani kwenye kiyoyozi kilichoundwa kwa gesi nyingine. Ile ya mtungi imetiwa dawa ya harufu, ina unyevu na mchanganyiko wa gesi nyingine ambao kompresa haiupendi. Na karakana ndiyo mahali pa grainda na mashine ya kuchomelea. Gesi inayolipuka, chumba kilichofungwa sababu ya baridi, na cheche: hapo tatizo lako si faini tena.

Hapa niseme na ndugu zetu, kwa upendo. Binamu aliyesoma friji VETA ni fundi kweli, na anakuja kusaidia kwa moyo safi. Mpe jembe, mpe kazi ya kulaza bomba, ila geji za gesi azifungie kwenye begi mpaka apate cheti cha hapa. Na wale wa nyumbani wanaouliza kwenye simu kwa nini hatuwashi tu jiko la mkaa humo ndani: msishauri hivyo, jamani. Karakana ya huku imezibwa isipitishe upepo, na hewa ya mkaa inaua mtu akiwa amekaa anasikia usingizi tu.

Njia salama

Nunua pampu ya joto ya kiwandani ya maji kwa hewa, iliyotumika, kipande kimoja, gesi yake imefungwa tangu kiwandani. Wewe utajenga upande wa maji tu, na huko ndiko kazi yenyewe iliko.

Soma kibandiko kabla ya kutoa pesa. Mtambo wa R-22 uache hata ukiuzwa bei ya kutupa, kwa sababu gesi hiyo haizalishwi wala kuingizwa Marekani tangu 2020. R-410A bado inahudumiwa. Umeme uwe wa volti 240, fezi moja. Kisha uliza swali hili: mtambo ulilala wapi majira ya baridi? Kama ulikaa kwenye banda lisilo na joto huku koili ikiwa na maji, maji yaliganda na koili ikapasuka kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Ukiwasha, maji yanaingia kwenye gesi na kompresa inakufa. Njoo na kompresa ya upepo na geji, tia shinikizo dogo upande wa maji, funga, subiri nusu saa. Mshale ukishuka, aga uondoke. Na kama muuzaji anasema "unahitaji gesi kidogo tu", mtambo unavuja. Turudi kule kule: gesi usiiguse.

Ukubwa. Chukua karakana ya futi 24 kwa 24, kuta zimejazwa pamba, dari ya R-38 (kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite), sakafu ya zege isiyozuiwa baridi, mlango wa gari wenye povu. Ukitaka nyuzi 15 ndani (nyuzi zote humu ni za Selsiasi) siku nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, inapoteza kama kilowati 5. Usinunue tani moja na nusu kwa kuwa tani moja ni kilowati 3.5 na hesabu imetoka. Tani za kibandiko ni za kupoza. Maji yanayotoka kwenye mtaro yakishuka kufika sifuri, mtambo unatoa joto kama robo tatu ya hiyo namba. Nunua tani 2. Kabla ya hapo, ziba mlango wa gari. Raba ya chini iliyochakaa inapoteza joto ambalo hakuna mtaro utakaolirudisha.

Mtaro na bomba

Piga 811 kwanza, namba ya kuomba wawekee alama nyaya na mabomba yaliyofukiwa kabla hujachimba. Kwa Minnesota inakwenda Gopher State One Call, ni bure, upige angalau siku 2 za kazi kabla. Watapaka rangi: nyekundu umeme, njano gesi, buluu maji, kijani maji taka, machungwa simu na intaneti. Mtego wake ni huu: hawawekei alama waya na mabomba yaliyo baada ya mita yako. Waya wa umeme unaotoka nyumbani kwenda karakana, ule hasa utakaokutana nao, haumo. Kodi mtu wa kutafuta nyaya za binafsi, au fukua kwa mkono njia yake yote.

Kisima cha wima kinataka kibali cha Idara ya Afya ya jimbo na mchimbaji mwenye leseni, kwa hiyo si cha kujifanyia. Mtaro wa kulala uulize jijini, na uulize pia ni lini mkaguzi anataka kuuona. Usifukie kabla hajaja. Wakisema atakuja Alhamisi, mtaro ukae wazi mpaka Alhamisi, umezungushiwa uzio. Na akija, maji ya kunywa yanatosha. Usithubutu kumpa kitu kidogo. Hapa hilo si adabu, ni kesi. Wengi wetu tunaona hawa watu wana ukavu, lakini mkaguzi asiyekujua akikupa saini kwa sababu tu kazi ni nzuri, hiyo ni heshima ambayo kwetu tumeilipia mara nyingi tusiipate.

Kwa tani 2 chimba mitaro miwili ya mita 40, upana wa mita moja, kina cha mita 1.8, iachane mita 4. Msingi wa nyumba nusu ya kusini ya jimbo unashuka inchi 42 kukwepa jalidi, kaskazini inchi 60. Wewe uwe chini ya hapo. Uwanja usipotosha, acha mradi huu. Mtaro mfupi hufanya kazi vizuri Novemba na kukuaibisha Februari, ardhi ikiwa imeshakamuliwa joto lake.

Usishuke kwenye mtaro wa kina hicho ambao kuta zake hazijalazwa wala kuzuiwa. Udongo wa mfinyanzi husimama wima kama ukuta kisha ukaanguka mara moja, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hapumui. Pangilia bomba juu, literemshe kwa kamba.

Bomba ni HDPE (plastiki ngumu nyeusi) ya robo tatu ya inchi, SDR-11 (daraja la unene wa ukuta wake), roli moja ya futi 800 kwa kila mtaro. Lipange kwa maduara ya sentimita 90 yaliyopandana, kila moja limesogea mbele karibu senti 70, ufunge kwa tai za plastiki. Duara na msogeo wake vinakula kama mita 3.5, maduara 57 yanajaza mtaro, na mita 40 zinabaki za bomba la kurudi. Ncha zote nne ziingie karakanani. Kiungo chini ya ardhi usiweke hata kimoja. Bangili ya chuma ya kukaza hose itaachia tu, ni suala la majira mangapi.

Jaribu kwa maji, si kwa upepo, kwa shinikizo la psi 100. Mwanzoni mshale utashuka kwa kuwa bomba linatanuka. Ongeza, kisha ungoje saa nzima. Acha geji ikiwa imefungwa unapofukia. Anza na mchanga senti 20 bila mawe, mwagia maji ushikane, ndipo urudishe udongo.

Maji na mzunguko

Mabomba mawili na mtambo yanabeba karibu lita 200. Robo yake, lita 50, iwe propilini glaikoli (dawa ya kuzuia maji kuganda) ya mifumo ya kupasha joto, yenye dawa ya kuzuia kutu. Ile ya gari usitie, ni sumu kwa maji ya ardhini. Robo hiyo inakulinda mpaka kama nyuzi 10 chini ya sifuri.

Kabla ya glaikoli, toa hewa. Weka vali kwa kila bomba ufue moja moja, kwa pampu ya nguvu ya farasi moja na pipa, mpaka mapovu yaishe kabisa. Pampu ndogo ya kuzungusha haiwezi kusukuma hewa itoke kwenye maduara. Inayofaa kwa kazi ya kila siku ni ya lita 23 kwa dakika kwa kichwa (nguvu ya kusukuma maji juu) cha mita 9 au 10. Kwa kawaida ni mbili zikifuatana.

Jambo dogo linaloangusha wengi: kwenye bodi ya mtambo kuna swichi au kiwaya cha kikomo cha baridi. Kiwandani kimewekwa kwa maji matupu, kwa hiyo mtambo utajizima Januari ukidhani unaganda, na mtu atakuambia "gesi imepungua". Haijapungua. Kiweke upande wa glaikoli, baada ya kupima glaikoli kwa rifraktomita (kifaa cha kuonyesha kiasi chake kwenye maji) na kuhakikisha ipo. Ukibadilisha huku kuna maji matupu, koili itapasuka.

Umeme: mwenye nyumba anayeishi humo anaruhusiwa kujifungia, kwa kibali na ukaguzi. Mpangaji hapana. Breka ifuate kibandiko.

Kuhusu pesa, hesabu kabla ya kukodi mtambo wa kuchimba. Gawanya bei ya yuniti ya umeme kwa 3, ndiyo bei ya joto lako. Therm moja ya gesi ya bomba ina kilowati-saa 29, galoni ya propani ina 27. Mwenye gesi ya bomba mtaani mara nyingi hataokoa kitu. Mwenye propani au hita ya umeme ataokoa. Na anayekuahidi asilimia 30 ya kodi yuko nyuma ya wakati: nafuu ile ya makazi ilifungwa kwa matumizi ya baada ya Desemba 2025.

Majira ya kwanza, andika kila wiki joto la maji yanayoingia na yanayotoka. Tofauti ya nyuzi 2 hadi 4 ni sawa. Ikizidi 5, maji hayaendi, tafuta hewa au vali iliyofungwa nusu. Yanayoingia yakishuka chini ya nyuzi 3 hasi mwezi wa pili, shusha karakana hadi nyuzi 10 mpaka Aprili, na kiangazi ongeza mtaro wa tatu. Tofauti ikikaribia sifuri huku kompresa inanguruma, tatizo liko kwenye gesi. Zima, piga simu kwa fundi mwenye cheti, umwache afungue yeye.