Kupiga Windows upya bila kupoteza faili za mteja

Tangu Microsoft ifunge msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Makoroboi, Mwanza, naletewa laptopu nyingi za kupigwa Windows 11. Nafanya hivi.

Hatua ya 1: Angalia mashine. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama); kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Isipofikia, usilazimishe. Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itaiendesha vizuri.

Hatua ya 2: Tengeneza flashi ya kupigia Windows, ya GB 8 au zaidi, kwa programu ya Microsoft yenyewe. Vilivyomo kwenye flashi vyote vitafutika. Bando litaliwa, kwa hiyo pakua usiku.

Hatua ya 3: Okoa faili. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba aliniambia kazi zake zote ziko D (diski yake iligawanywa sehemu mbili: C yenye Windows, na D). Nikamwamini, nikafuta C. Kumbe orodha ya madeni aliiweka Desktop, na Desktop iko ndani ya C. Alikaa kwenye stuli yangu akiandika kwa kukumbuka: fulani magunia mawili, fulani matatu. Iliniuma sana. Siku hizi nafungua C mwenyewe, naingia Users, kisha jina la mteja, nanakili Desktop, Documents na Downloads kwenye diski ya nje. Halafu nafungua faili mbili tatu kutoka kwenye hiyo diski nione kama zinafunguka kweli.

Hatua ya 4: Kabla ya kuzima, ipe D jina jipya, mfano MALI YA MAMA. Chaji betri ijae, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya. Washa ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, uchague flashi.

Hatua ya 5: Ukiulizwa namba ya leseni, ruka. Kama mashine ilikuwa na leseni, itarudi yenyewe ukiunganisha intaneti, ila chagua toleo lilelile, Home au Pro. Kwenye orodha ya sehemu za diski herufi C na D huwa hazionekani, ndipo wengi wanapofuta pasipo penyewe. Lile jina ulilotoa litaonekana: usiliguse. Futa ya C tu, iliyokuwa na Windows, uendelee.

Nakala za mteja natunza wiki mbili. Picha za arusi hukumbukwa siku ya nne.