"Get" si kupata tu jamani

Wengi wetu skuli tulifunzwa "get" ni kupata, basi. Sasa mtalii akikwambia pale Fort Jesus "I don't get it" wewe wadhani amekosa kitu waanza kumtafutia, kumbe maskini asema hajaelewa tu.

Fanya hivi, angalia neno linalofuata. Likiwa ni kitu, basi ni kupata, kununua ama kuleta, "get me some water" ni niletee maji. Likiwa ni sifa hapo hali yabadilika: "get tired" ni kuchoka, "get wet" kurowa, "it's getting dark" giza laingia, na hii ndio watu huisahau sana na ndio yatumika kila saa. Mahali ni kufika, "get to Likoni", lakini nyumbani usitie "to", ni "get home" tu, usiniulize kwa nini, lugha ya wenyewe hiyo.

Vyombo navyo: basi na feri wapanda kwa "get on" washuka kwa "get off", teksi na tuktuk ni "get in" na "get out", manake humo ndani huwezi kusimama ukatembea.

Yaliyopita ni "got", Wamarekani baada ya "have" husema "gotten" pia. Halafu "I've got two kids" si nimepata watoto wawili leo asubuhi, ni ninao tu, na hii wallahi ilinichukua miaka kuishika.