Asumini kwenye ndoo: bustani ya kujitunza kwa robo saa ya jioni

Wengi wanaotaka kujitunza huanza na ratiba nzito: kuamka alfajiri, kutembea hadi Raskazone, pwani ya Tanga, na kurudi, kuacha sukari, kulala saa tatu. Wiki ya pili ratiba imekufa. Nia huwa ipo, ila hakuna kitu cha nje chenye saa yake, kisichosikiliza visingizio. Asumini ina saa yake. Vitumba vyake huchumwa jioni vikiwa vyeupe na bado vimefumba, navyo hufunguka usiku. Ukiahirisha mpaka asubuhi unakuta maua yameshapasuka na sehemu kubwa ya harufu imekwenda. Kwa hiyo mwenye shina moja la asumini hana budi kuacha kazi kabla ya magharibi, katika msimu wote wa maua, akakae uani robo saa. Robo saa hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa. Maua ni bahati juu ya bahati.

Anza na ndoo tatu basi: asumini, mrehani na mchaichai. Zinaenea hata kwenye ua wa kushirikiana wa nyumba ya Ngamiani, Tanga mjini, na zikizidi hapo kazi inageuka mzigo. Kishawishi kikubwa ni mkadi na kilua, maana kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, bila mkadi watu wa pwani watakiona kipungufu. Lakini mkadi ni mti mpana wenye majani ya miiba, na kilua hutambaa na kutaka nafasi. Hivyo viwili nunua sokoni.

Mahali pawe na jua la saa tano au sita kwa siku, hasa la asubuhi. Chini ya mwembe asumini itatoa majani mazuri na hakuna ua. Ukienda Amani milimani, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, utaona mimea inavyonawiri kwenye kivuli na ubaridi wa Usambara. Usiifanye kipimo cha ua wa Tanga mjini, ulio karibu na bahari na wenye joto lake.

Udongo

Ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20 inatosha. Ioshe, kisha itoboe matundu sita chini kwa msumari uliopashwa moto, kila tundu upana wa kidole kidogo. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu, na moja ya mchanga wa mto. Usichote mchanga ufukweni hata kama ni wa bure. Una chumvi na vipande vya kombe, na asumini haipendi udongo wenye chokaa. Dalili utaiona kwenye majani machanga: yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiona hivyo mbolea zaidi haisaidii. Badilisha udongo.

Maji ya visima vya karibu na bahari nayo yaonje kwanza. Yakiwa na chumvichumvi, ncha za majani zitaungua na kuwa kahawia. Tumia ya bomba, au kinga ya mvua.

Kuotesha

Wakati mzuri ni masika yanapoanza, mwezi Machi, au mwanzo wa vuli, Oktoba. Omba tawi kwa jirani. Asumini ni mmea wa kuombana. Chagua lililokomaa nusu: si la kijani laini, si la kahawia gumu. Kata kipande cha sentimita 12 hadi 15 chenye vifundo vitatu, ukipitisha wembe mpya chini kidogo ya kifundo cha mwisho. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo mawili yakate nusu ili yasipoteze maji. Fukia vifundo viwili. Andaa vipande vinne, kwa sababu si vyote vitashika. Weka kivulini, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, na udongo uwe na unyevu bila kulowa chepechepe.

Halafu subiri wiki nne hadi sita. Hapo ndipo miche mingi inapouliwa: mtu anakivuta kipande kila baada ya siku tatu aone kama kina mizizi, na kila akivuta anakata vile vinyuzi vyembamba vilivyokuwa vinaanza. Tabia hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu apande kwenye mizani kila asubuhi baada ya siku mbili za mazoezi. Alama ya kutazama ni chipukizi jipya juu. Likitoka na kuendelea kukua, mizizi kwa kawaida imeshaanza.

Maji

Chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Pakiwa pakavu, mimina polepole kiasi cha lita mbili, mpaka maji yatoke chini. Pakiwa na unyevu, rudi ndani. Kwenye joto la kaskazi, Desemba hadi Februari, utamwagia karibu kila siku. Masika unaweza kukaa wiki nzima bila kugusa kopo. Asumini nyingi za kwenye ndoo huuawa na maji mengi kuliko kiu: mizizi inaoza, majani yananyauka, mwenyewe anadhani ni kiu na anaongeza. Kabla ya kumwaga, pima. Sahani ya chini imwage maji, maana mbu huzaliana humo.

Kuchuma

Kuanzia saa kumi na moja jioni, simu ikiwa imeachwa ndani, chuma vitumba vilivyonenepa na kuwa vyeupe kabisa. Vyenye ukijani viache hadi kesho. Shika kwenye kikonyo, si kwenye kitumba, kwa sababu panapominywa huwa pa kahawia kabla ya usiku. Kutunga, pitisha sindano kwenye kile kishina chembamba chini ya ua. Usipotaka kutunga, viweke kwenye bakuli lenye maji kidogo karibu na kitanda. Baada ya isha chumba kizima kitanukia. Mwenye pumu, au anayeumwa kichwa kwa harufu kali, aweke bakuli sebuleni.

Kupogoa

Maua hutoka kwenye vichipukizi vipya. Shina lisilokatwa hurefuka, hujikunja ukutani na kubana maua. Kila wimbi la maua likiisha, punguza kila tawi kwa theluthi, ukikata juu kidogo ya jozi ya majani. Kukiwa na joto, vitumba vipya vitaonekana baada ya wiki nne hadi nane. Kwenye kipupwe, Juni na Julai, asumini hupunguza yenyewe, usiilazimishe.

Siku ya kupogoa kaa pia na karatasi. Andika kila kinachokula wiki yako: vikao vya vikoba, kamati za harusi, makundi ya WhatsApp, kazi za watu ulizozibeba kwa kuona haya. Weka alama kwenye yale yaliyokuletea kitu msimu huu, iwe pesa, undugu, ibada au usingizi. Yasiyo na alama, punguza, lakini yasizidi theluthi. Ukikata mmea mpaka chini unaunyima majani ya kujilishia, na anayejitoa kwenye kila kitu kwa siku moja hurudi kwenye vyote kabla mwezi haujaisha. La pili, amua mapema nafasi iliyopatikana ni ya nini. Kwenye shina unachagua chipukizi litokee wapi kwa kuchagua jozi ya majani unayokatia. Alhamisi jioni iliyoachwa wazi bila jina itachukuliwa na kikao kingine.

Samadi, viganja viwili kwa mwezi. Anayeweka mbichi au kumwaga yurea apate maua haraka atapata majani tele.

Mrehani ni rahisi: nyunyiza mbegu, funika kwa udongo mwembamba, zitaota ndani ya siku tano hadi kumi. Ukifika sentimita 15 kata ncha juu ya jozi ya majani, utatawanyika. Maua yakichomoza yatoe, kwa maana ukishazaa mbegu shina hugeuka kuni. Mchaichai panda bua lenye mizizi. Ukivuna kata sentimita 10 juu ya udongo, na ujihadhari na kingo za majani. Mabua mawili yaliyopondwa kwenye nusu lita ya maji, dakika kumi jikoni, yanatosha vikombe viwili.

Vidukari wakijazana kwenye ncha, wapukute kwa maji, kisha pulizia maji lita moja yenye kijiko kidogo cha sabuni ya maji, jioni jua likiwa limepoa. Rudia baada ya siku tano, maana waliobaki huzaliana haraka.

Kazi hii hutuliza, lakini haitibu kila kitu. Usingizi ukikosekana au huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ueleze hivyohivyo.

Ukisafiri, sogeza ndoo kivulini, tandaza makumbi ya nazi juu ya udongo, na umwachie jirani kopo pamoja na kanuni ya kidole. Kila baada ya miaka miwili itoe asumini kwenye ndoo, punguza mizizi iliyozunguka pembeni, na uirudishe kwenye udongo mpya mwanzoni mwa mvua.