Kuiweka Sawa Vepu Yako: Anza na Namba Iliyoandikwa Kwenye Koili

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara na ameamua kuhamia kwenye vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Kama huvuti chochote, usianze. Nikotini humkamata mtu ikiwa ndani ya moshi au ndani ya mvuke, na mvuke wenyewe si hewa safi. Wanaokwepa nikotini kabisa ndio walio salama.

Kwa wengine, tuendelee. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa hivi hapa Dar, na mara nyingi mtu anapokuja akisema vepu yake imekufa, kifaa huwa kizima. Kilichokosekana ni maelewano ya vitu vitatu: koili (waya unaopata moto), juisi (kimiminika kinachogeuka mvuke) na wati (nguvu ya umeme). Fundi wa vepu kazi yake kubwa ni kuvipatanisha hivyo, na wewe unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Hatua ya 1: Jua ulichoshika

Vepu ya kutupa haina cha kurekebisha, ikiisha imeisha. Podi ni ile ndogo yenye kikopo cha kuchomoa; nyingi hujipangia nguvu zenyewe au zina ngazi mbili tatu tu. Boksi ndiyo yenye kioo, vitufe vya kupandisha na kushusha wati, na tenki la juisi juu. Halafu kuna mekanika, bomba la chuma lisilo na saketi yoyote ya kulinda betri. Hiyo ya mwisho simshauri mgeni aiguse. Betri ikizidiwa hakuna cha kuizuia, na kifaa kiko mbele ya uso wako.

Hatua ya 2: Soma koili kabla ya kugusa kitufe

Ubavuni mwa koili, au chini ya podi, kuna namba yenye alama ya Ω. Hizo ndizo omu, yaani ukinzani wa waya. Mara nyingi pembeni yake zimeandikwa wati zake, kwa mfano 12–16W. Watu wengi huzipita bila kuziangalia, na hapo ndipo matatizo yote huanzia.

Hesabu ya wati ni fupi: volti mara volti, gawa kwa omu. Betri ya lithiamu ina wastani wa volti 3.7. Ikiunganishwa moja kwa moja, kwenye koili ya omu 1.0 unapata kama wati 13.7. Kwenye koili ya omu 0.2 unapata zaidi ya wati 68, na umeme unaotoka kwenye betri ni ampea 18.5. Betri ileile, mambo mawili tofauti kabisa. Namba ikishuka, joto na mvuke vinapanda, na juisi na chaji vinaisha upesi.

Kwa aliyetoka kwenye sigara, ningechagua koili ya omu 0.8 hadi 1.2. Inavutwa vilevile kama sigara: mdomoni kwanza, kisha kifuani. Koili za chini ya omu 0.5 ni za kuvuta moja kwa moja kifuani, na mtu aliyezoea sigara hukohoa hadi machozi yamtoke.

Hatua ya 3: Chagua juisi inayopatana na koili hiyo

Juisi ina vitu viwili vikubwa: gliserini ya mboga, ambayo ni nzito na ndiyo inayotoa wingu, na propilini glaikoli, nyepesi, inayobeba ladha na kuukwaruza koo kidogo. Kwenye chupa vimeandikwa VG na PG. Podi na koili za omu nyingi zinataka nusu kwa nusu. Koili za omu chache zinataka VG 70 kwa PG 30. Ukiweka juisi nzito kwenye podi, haiwahi kufika kwenye pamba na koili inaungua. Ukiweka nyepesi kwenye tenki kubwa, inavuja.

Nikotini pia ifuate koili. Miligramu 3 hadi 6 kwa mililita zinatosha kwenye tenki la mvuke mwingi. Kwenye podi wavutaji wengi hutumia 10 hadi 20. Chupa iliyoandikwa asilimia 5 ina miligramu 50 kwa kila mililita, wakati Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 20. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au moyo kwenda mbio, weka chini kifaa, nikotini imekuzidi.

Naomba hili lishikwe sana: usiongeze mafuta ya aina yoyote. Nakutana na watu wanaodondoshea mafuta ya karafuu wapate harufu, au mafuta ya nazi ili juisi isiishe. Mafuta yakiingia mapafuni hayatoki kirahisi, na yanaleta ugonjwa mbaya. Mwaka 2019 kule Marekani watu wengi waliumia mapafu na wengine wakafa, na kilichohusishwa zaidi kilikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa kwenye vikopo vya vepu za bangi.

Hatua ya 4: Lowesha koili mpya

Shika koili kwenye mwanga. Ubavuni utaona matundu madogo, na ndani yake pamba nyeupe. Pamba hiyo inafanya kazi ileile ya utambi wa kibatari: ikikauka, inayoungua ni yenyewe. Dondosha tone moja la juisi kwenye kila tundu, kisha mawili katikati kwa juu. Utaona weupe unageuka kuwa kama kioo, ukianzia ukingoni na kuingia ndani. Pakibaki doa jeupe, ongeza tone. Funga, jaza tenki, kisha subiri dakika 10 bila kubonyeza chochote. Wanaoruka dakika hizo huunguza koili mpya siku ileile, na ladha ya kuungua haiondoki mpaka ununue nyingine.

Hatua ya 5: Panda taratibu

Anzia chini ya kiwango kilichoandikwa. Koili ya 12–16W, anza na 10. Vuta mara chache, ongeza wati moja, vuta tena. Simama pale ladha inapokuwa kamili na mvuke ni wa vuguvugu. Sikiliza pia: sauti nyororo ya kukaanga ni nzuri. Sauti ya kugugumia ina maana koili imefurika. Ichomoe, ikung'ute kwenye tishu, kisha futa kikopo pia. Koo likikwaruzwa ghafla, pamba imekauka, shusha wati.

Kisha rekebisha tundu la hewa. Libane upate mvuto mzito wa sigara, lifungue mvuke upoe. Kila unapobana sana, shusha wati kidogo.

Joto letu, na betri

Januari na Februari, kaskazi likivuma na joto likipita nyuzi 30, juisi hulainika na tenki huvuja hata kama jana lilikuwa zima. Lisimamishe wima, usilijaze hadi ukingoni, na kagua mpira mwembamba chini ya tenki.

Usiache vepu kwenye dashibodi ya gari. Gari lililofungwa juani huko Posta au Mwenge linakuwa tanuri, na betri ya lithiamu ikizidi nyuzi 60 iko hatarini. Betri ya akiba isikae mfukoni na funguo au sarafu. Iwe na kikasha chake. Ganda lake la plastiki likichanika, usiitumie. Chaji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kifaa, mara nyingi volti 5 na ampea 1, mezani ukiwa macho, si juu ya godoro. Umeme ukikatika na kurudi, chomoa kwanza utulie.

Juisi iwekwe juu, mbali na watoto. Kiasi kidogo chenye nikotini kinaweza kumdhuru mtoto vibaya, na hata ikikumwagikia mikononi, nawa kwa sabuni.

Ukisafiri kwa ndege, vepu na betri ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. India imepiga marufuku vifaa hivi tangu 2019, na sheria ya Uganda ya 2015 nayo inavikataza. Anayekwenda huko, iwe kwa matibabu au biashara, aache kifaa nyumbani.