Jinsi ya Kutumia kwa Usalama Bidhaa Zenye Benzoeti ya Sodiamu

Geuza chupa ya kinywaji chenye ladha ya matunda, usome maandishi madogo yaliyo nyuma. Ukikuta E211, hiyo ni benzoeti ya sodiamu, kihifadhi kinachozuia kuvu na hamira kuota katika vyakula vyenye uchachu, ambacho hutiwa pia katika shampuu na dawa za maji. Kwa kiasi kinachoruhusiwa, watu wengi hawapati madhara, ingawa wachache huwashwa ngozi.

Jambo linalostahili uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni pale inapokutana na vitamini C, yaani E300, ndani ya chupa moja, kwa kuwa joto na mwanga huweza kuzifanya zitoe benzini kidogo, kemikali inayosababisha saratani. Kwa hiyo usiiache chupa hiyo dirishani wala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ihifadhi mahali penye ubaridi na kivuli.

Ukitengeneza sharubati ya kuhifadhi, pima kwanza uchachu, kwani kihifadhi hiki hufanya kazi vizuri pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa chini ya 4.5. Kisha pima unga wake kwa mizani, kamwe usikadirie kwa kijiko: Marekani, kwa mfano, hairuhusu uzidi asilimia 0.1 katika chakula.